Ubao wa Chini

Aliileta ndani ya gunia la sukari,
imefungwa kwa leso kuukuu, jina lake halisomeki tena.
"Nimeambiwa vioo unakata wewe," akasema.
Nikasogeza kikombe cha chai, nikapangusa benchi.

Picha ya mji ulio kando ya mto.
Si mji wa kwetu: daraja la mawe, matao matano,
makanisa yenye paa za mviringo kama vyungu vilivyofunikwa,
na watu wadogo, wadogo kama mchele uliomwagika,
kila mmoja na kivuli chake, hakuna aliyepunjwa.
Mchoraji huyo alikuwa na subira ya mtu anayechambua dengu.

Pembeni, mwaka: kumi na saba, kisha
tarakimu mbili zimeliwa na maji.
Jina la mji nalo limeliwa. Imesalia D peke yake,
tumbo mbele, kama mjamzito kwenye foleni ya kliniki.
Hayo ni maneno yake, Konsolata Nabwire,
nesi mstaafu, mtu wa Budalang'i.
Padri Mholanzi alimwachia picha hiyo
alipokwenda kwao kufa.

Miaka mia mbili na ushei mto ule ulikaa mahali pake.
Mchoraji aliuambia koma hapa, ukakoma.
Haukupanda hata ngazi ya dobi.
Kisha usiku mmoja wa Aprili Nzoia ukavunja tuta,
ukaingia kwa Konsolata bila hodi,
ukapanda kitanda, ukapanda meza,
ukaparamia ukuta hadi kwenye msumari,
na mto ukakutana na mto.

Sasa doa la kahawia limepita ukingo.
Limeingia sokoni, limemfika magotini
bwana mwenye koti jekundu
ambaye bado anazungumza, mkono juu,
kana kwamba shida ya siku ni bei.

Nilipima. Nikamwambia ukweli wa kazi yangu:
"Mama, nikikata vidole viwili hapa chini
doa lote linakwenda. Inabaki safi kabisa."

Hakunijibu haraka. Alivaa miwani,
akaweka ukucha juu ya mwanamke
ambaye mimi sikuwa nimemwona,
ameinama kwenye jiwe, anafua shuka.
"Na huyu utampeleka wapi?"

Nilitaka kucheka.
Msumeno wa jirani ulikuwa unalia,
mtu wa mitumba ananadi suruali kwa jina la Mungu,
Kibuye ilikuwa Kibuye,
na ukucha wa yule mama haukuondoka pale.

"Usikate. Niwekee ubao wa chini mpana
kuliko zile tatu. Mpana hasa.
Kama tuta."

Basi. Fundi yeyote atakwambia mbao za fremu hulingana;
zisipolingana watu husema ni kazi ya mwanagenzi.
Na pembe hazikubali: nyuzi arobaini na tano
haziunganishi mnene na mwembamba.
Niliharibu mvule mara mbili.
Mara ya tatu niliacha kupima kwa rula,
nikaweka mbao juu ya mbao, nikachora kwa jicho,
nikakata.

Nilipoweka kioo, pumzi yangu ilitanda juu ya mji
kama ukungu wa asubuhi, kisha ikaondoka.
Dobi yupo. Bwana wa koti yupo, bado hajui.
Chini yao, inchi nne za mvule.

Konsolata aligonga ubao ule kwa kifundo cha kidole,
jinsi wanavyogonga kifua cha mgonjwa,
akasikiliza.
"Ile ya serikali," akasema, "waliijenga kwa mchanga."

Akalipa nusu.
Nusu nyingine, alisema, baada ya mvua,
na hakusema mvua ipi.